UZI: Ulimwengu kwa skeli moja, tukianzia Nyerere Square, Dodoma

Mwalimu wa Skeli

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma, na kuna jambo naliona darasani kila mwaka ambalo nimeona nilete jukwaani kwa marefu, maana watu wazima nao wanalo. Ukimwambia mwanafunzi kwamba Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, anaandika. Ukimwambia nyota inayofuata iko kilomita trilioni 40, anaandika vilevile, na uso haubadiliki. Kwake milioni na trilioni zote maana yake ni "mbali sana". Mchoro wa kitabuni ndio unaharibu zaidi. Jua limekaa pembeni, sayari nane zimepangwa bega kwa bega hadi ukingo wa karatasi. Ukubwa una skeli yake, umbali una skeli nyingine, na mara nyingi hakuna skeli kabisa.

Ninachoamini ni hiki: chukua skeli moja, itumie kwenye ukubwa na kwenye umbali, na usiibadilishe njiani hata ikikusumbua. Halafu iweke kwenye barabara unayoijua kwa miguu yako.

Skeli yangu ni kugawa kila kitu kwa bilioni moja. Kilomita milioni moja inageuka mita moja. Basi.

Tuweke Jua pale Nyerere Square. Kipenyo chake halisi ni kilomita milioni 1.39, kwa hiyo ni tufe la mita 1.4, kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Sasa ondoka kwa miguu, elekea mashariki, njia ya Morogoro. Baada ya mita 58 unakuta Utaridi, milimita 5. Mita 108, Zuhura, milimita 12. Mita 150 unafika Duniani, milimita 13, zabibu ndogo ya hapa kwetu. Hiyo zabibu ndiyo Kilimanjaro, Bahari ya Hindi, Makutupora, na kila kaburi la kila mtu aliyewahi kufa. Mwezi ni punje ya mtama, milimita 3.5, na iko sentimita 38 kutoka kwenye zabibu. Mwanadamu hajawahi kukanyaga mahali pa mbali kuliko hapo. Watu 12, kati ya 1969 na 1972, sentimita 38.

Endelea. Mirihi iko mita 228, milimita 7. Kutoka hapo mwendo unakuwa mrefu na huoni kitu, kwa sababu asteroidi, yaani mawe ya ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, kwenye skeli hii ni vumbi, mpaka mita 778 ambako Mshtarii umekaa, tufe la sentimita 14. Zohali iko kilomita 1.4, sentimita 12 bila pete zake. Uranusi kilomita 2.9. Neptuni kilomita 4.5, na kila moja kati ya hizo mbili ina sentimita 5 tu. Hata viwanja vya Nanenane hujafika na sayari zimekwisha. Sayari zote nane zinaingia kwenye ndoo moja.

Kuna chombo cha Wamarekani kinaitwa Voyager 1, kilirushwa Septemba 1977 na bado kinaenda. Hakuna kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kilicho mbali kuliko hicho, takriban kilomita bilioni 25. Kwenye barabara yetu ni kilomita 25: kimeupita Mji wa Serikali Mtumba, Chamwino hakijafika. Kinasogea kama mita moja na nusu kwa siku.

Sasa nyota inayofuata, Proxima Centauri. Umbali wake ni miakanuru 4.246 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), yaani kilomita trilioni 40 na kidogo. Gawa kwa bilioni unapata kilomita 40,170. Mzunguko wa Dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Maana yake toka Nyerere Square, shika Morogoro, Dar es Salaam, vuka Bahari ya Hindi, zunguka Dunia nzima, urudi kwa njia ya Manyoni hadi Nyerere Square. Hapo ndipo pa kuiweka nyota ya jirani. Na katikati ya safari hiyo yote, baada ya zile kilomita chache za sayari, kuna barafu na vumbi vya hapa na pale tu.

Na mwanga? Kwa sekunde moja mwanga unakwenda kilomita 299,792. Kwenye skeli yetu ni sentimita 30, rula moja ya shule. Weka rula chini, hesabu moja, weka tena, hesabu mbili. Ndiyo kasi kubwa kuliko zote zilizopo ulimwenguni, na bibi mwenye mkongojo anaipita. Kutoka kwenye tufe la Nyerere Square hadi kwenye zabibu inachukua dakika 8 na sekunde 20. Hapo ndipo wanafunzi wangu huacha kuandika na kuanza kuuliza.

Karibuni tujadili.

Dereva Kanda ya Kati

Mwalimu, hii imenikaa. Mimi ni mtu wa barabara, umbali naupima kwa saa. Nimefanya hesabu kwa treni ya SGR, maana ile ya umeme inakwenda kilomita 160 kwa saa. Ikienda bila kusimama kituo chochote, Mwezini ni siku 100. Jua ni miaka 106 na miezi, ukipanda ukiwa mtoto mchanga hufiki. Proxima imenitolea miaka milioni 28 na nusu hivi. Nimerudia mara mbili, jibu ni lilelile.

Mwalimu wa Skeli

Hesabu yako ni sahihi, mkuu. Ukitaka kulinganisha, Voyager 1 inakwenda kilomita 17 kwa sekunde na ingetumia kama miaka 75,000 kumaliza umbali huohuo. Haielekei huko, lakini. Inaelekea upande wa nyota hafifu iitwayo Gliese 445, na itapita umbali wa miakanuru 1.6 hivi kutoka kwake baada ya miaka 40,000 hivi.

Bint Kondoa

Mbukwenyi. Mwalimu, marehemu babu alikuwa mkulima na alikuwa anatuonyesha Kilimia, kile kifungu cha nyota. Akitusomea na methali yake, kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alipangia shamba kwa hicho. Je, Kilimia kiko wapi kwenye barabara yako? Na ile Njia Nyeupe inayoonekana kiangazi huku kwetu ambako taa ni chache?

Mwalimu wa Skeli

Asante sana dada, swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri, kwa sababu hapa skeli ya kwanza inatushinda. Kilimia kiko miakanuru 440 hivi. Ungezunguka Dunia zaidi ya mara mia moja. Mwanga wa Kilimia unaouona leo ulianza safari mwishoni mwa miaka ya 1500, Wareno wakiwa pwani yetu. Na Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, ambayo upana wake ni kama miakanuru 100,000, kwenye skeli hii ingekuwa na kilomita milioni 946. Hiyo ni zaidi ya umbali halisi wa kutoka Jua hadi Mshtarii. Yaani hata baada ya kupunguza kila kitu mara bilioni moja, bado hatuwezi kuiweka Duniani.

Kwa hiyo tunaanza upya na skeli ya pili, na tutangaze wazi kwamba tumebadilisha: mwakanuru mmoja ni milimita moja.

Ile safari ya kuzunguka Dunia imekuwa milimita 4. Zabibu na tufe la Nyerere Square vimepotea kabisa: kutoka Jua hadi Dunia ni sehemu ya milimita iliyogawanywa mara 63,000, kitu kidogo kuliko kirusi. Mzingo wote wa Neptuni, ukingo hadi ukingo, unatoshana na bakteria mmoja. Kilimia cha babu kiko sentimita 44, karibu rula moja na nusu. Na Njia Nyeupe ni mita 100, urefu wa kiwanja cha mpira pale Jamhuri. Galaksi nzima imelala kwenye majani, na Jua letu liko mita 26 kutoka katikati, kidogo zaidi ya nusu ya njia kuelekea goli.

Kwenye kiwanja hicho mwanga unakwenda milimita moja kwa mwaka. Marconi alipokea mawimbi ya redio kuvuka Atlantiki mwaka 1901. Basi kelele zote za redio ambazo wanadamu wamewahi kurusha angani, tangu siku hiyo hadi leo, zimefika sentimita 12 hivi kutoka tulipo.

Bint Kondoa

Sentimita 12 kwenye uwanja mzima wa Jamhuri. Nimekaa kimya kidogo hapa, mwalimu. Endelea, nje ya uwanja kuna nini?

Mwalimu wa Skeli

Nje kidogo, mita 160 kutoka tulipo, kuna Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoonekana kusini kwa macho matupu. Galaksi ya Andromeda iko kilomita 2.5. Hiyo nayo inaonekana bila darubini, Oktoba na Novemba, upande wa kaskazini, ukitoka nje ya mji. Ni doa la ukungu hafifu. Mwanga wake una miaka milioni mbili na nusu.

Lakini kuna jambo hapa ambalo mimi naliona kubwa kuliko namba zenyewe. Gawa umbali kwa ukubwa. Kati ya Jua na Proxima unaweza kupanga Majua karibu milioni 29. Kati ya Njia Nyeupe na Andromeda unapanga Njia Nyeupe 25 tu. Nyota ziko mbalimbali kwa kiasi kisichoelezeka, ila galaksi, kwa ukubwa wake, ni majirani. Ndiyo maana galaksi hugongana mara nyingi na darubini zimepiga picha nyingi za migongano hiyo, huku nyota zilizomo zikipishana bila kugusana. Mchoro wa kitabuni hauwezi kukuonyesha hilo hata siku moja.

Baba Neema

Nawaheshimu sana ndugu zangu, lakini naomba niulize kile ambacho wengi humu wanakificha. Nani alienda na futi kamba? Mimi ni fundi ujenzi. Sikubali kipimo mpaka nimejua kilipimwaje. Miakanuru 440 imejulikanaje na mtu ambaye hajapita hata Mwezi?

Mwalimu wa Skeli

Baba Neema, ningetamani kila mwanafunzi aulize hivyo. Nijibu kwa hatua, kwa sababu kila hatua imesimama juu ya ile iliyo chini yake, na wewe kama fundi utaniambia kama msingi unabeba.

Hatua ya kwanza ni umbali wa ndani ya familia ya Jua. Mwezi tunaupima moja kwa moja. Wanaanga wa 1969 waliacha vioo juu yake, tunapiga mwanga wa leza, unarudi, tunahesabu muda. Kwa njia hiyo inajulikana hata kwamba Mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Zuhura ilipigwa kwa rada mwaka 1961, mawimbi yakaenda yakarudi. Kabla ya hapo, mwaka 1761 na 1769, watu walisafiri hadi pembe za Dunia kutazama Zuhura ikipita mbele ya Jua, kila mmoja kutoka mahali pake, wakapata umbali wa Jua kwa tofauti ya walivyoiona.

Hatua ya pili ni nyota za karibu. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha lingine. Kidole kinaruka. Ukijua upana kati ya macho na kiasi cha kuruka, unapata umbali wa kidole. Huo ni upimaji wa pembetatu uleule unaotumika kwenye viwanja. Sasa Dunia inazunguka Jua, kwa hiyo picha ya Januari na picha ya Julai zinapigwa kutoka sehemu mbili zilizoachana kilomita milioni 300. Rudi kwenye skeli yetu ya kwanza uone ugumu wake: macho mawili yameachana mita 300, na kitu kinachotazamwa kiko kilomita 40,000. Nyuzi moja ukiigawa mara 3,600, hata Proxima hairuki sehemu moja nzima ya hizo kila upande. Ndiyo sababu wazo lilijulikana tangu kale, lakini kipimo cha kwanza cha kuaminika kilipatikana 1838 tu, na Mjerumani Bessel, kwa nyota iitwayo 61 Cygni. Leo chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa 2013, kimepima hivyo nyota zaidi ya bilioni moja. Kilimia cha babu yake Bint Kondoa kimo humo.

Hatua ya tatu ndiyo naipenda zaidi. Kwa galaksi nyingine pembetatu inakuwa nyembamba mno. Mwanamke mmoja Mmarekani, Henrietta Leavitt, alikuwa anakagua vioo vya picha za Wingu Dogo la Magellan, mwenzake lile Kubwa, nyota moja moja. Kuna aina ya nyota inayoongeza na kupunguza mwanga kwa zamu, baada ya siku au wiki. Mwaka 1912 alitangaza kwamba zenye zamu ndefu ndizo zenye mwanga mkubwa, kwa utaratibu usiobadilika. Ukishahesabu zamu ya nyota, umejua mwanga wake halisi. Mwanga hupungua kwa kanuni inayojulikana: umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Unalinganisha mwanga halisi na unaokufikia, umbali unatoka. Mwaka 1923 Edwin Hubble alikuta nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, na hapo ndipo ilipothibitika kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe. Leavitt alikuwa amefariki 1921. Alistahili kuona hilo.

Baba Neema

Msingi unabeba, mwalimu. Pembetatu naifahamu, ndiyo tunayowekea kona za nyumba. Sasa naweza kuendelea kusoma.

Maabara Yetu

Mimi nifungue upande mwingine, maana nafanya kazi maabara ya hospitali na ulimwengu wangu uko chini ya hadubini. Chukueni bilioni ileile ya mwalimu, ila badala ya kugawa, zidisheni. Nanomita inakuwa mita. Seli nyekundu ya damu inakuwa na kilomita 7 na nusu, kutoka Nyerere Square hadi karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Bakteria wa tumboni, kilomita 2. Kirusi cha UKIMWI, mita 120. Uzi wa DNA una unene wa mita 2. Atomu ya hidrojeni ni sentimita 10, unaishika mkononi.

Na wewe mwenyewe unayesoma ungekuwa na kimo cha kilomita milioni 1.7. Unalizidi Jua halisi.

Mwalimu wa Skeli

Hapo ndugu umefunga duara vizuri sana. Punguza mara bilioni, Jua linakuwa kimo cha mtoto. Ongeza mara bilioni, mtu analizidi Jua. Niongeze tu kiini cha hiyo atomu unayoshika mkononi. Baada ya kukuzwa mara bilioni, protoni bado ina milimita 0.0017. Bado unahitaji hadubini yako kuiona. Atomu ni kubwa kuliko kiini chake mara 60,000 hivi, wakati mzingo wa Neptuni ni mkubwa kuliko Jua mara 6,500 tu. Watu hupenda kusema atomu ni kama mfumo wa Jua. Haifanani. Elektroni haizunguki kama sayari, na kwa uwiano huo atomu ni tupu karibu mara kumi zaidi.

Zabibu Nyekundu

Mwalimu, nisaidie hili. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Nasoma kwamba tunaouona una upana wa miakanuru bilioni 93. Kama hakuna kinachopita mwanga, nusu yake ingekuwa bilioni 13.8, isiwe 46 na nusu. Iweje?

Mwalimu wa Skeli

Kwa sababu barabara yenyewe inarefuka wakati msafiri yuko njiani. Tumia skeli ya pili, milimita kwa mwakanuru. Mwanga wa zamani kuliko wote tunaoupokea, ambao wanasayansi Penzias na Wilson waliunasa kwenye antena yao miaka ya 1960, ulitoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000. Wakati unatoka, mahali ulipotoka palikuwa kilomita 42 tu kutoka hapa tulipo. Hata Bahi hujafika. Ukaanza kuja, milimita moja kwa mwaka, huku anga lililo mbele na nyuma yake likitanuka. Umetufikia baada ya miaka bilioni 13.8, na mahali pale sasa pako zaidi ya kilomita 45,000. Hakuna kilichoupita mwanga njiani. Nafasi imetanuka mara 1,100 hivi, na hilo linapimika, kwa sababu mawimbi ya mwanga huo nayo yametanuka kiasi hichohicho.

Maabara Yetu

Nimecheza na kikokotoo usiku huu. Urefu mdogo kuliko wote wenye maana kwenye fizikia ya sasa, urefu wa Planck, ni mita ambayo baada ya nukta ina sifuri 34 ndipo inakuja 16. Ulimwengu tunaouona ni mita zenye tarakimu 27. Nikatafuta kitu kilicho katikati, ambacho kinazidi cha chini mara zilezile kinazozidiwa na cha juu. Nimepata milimita 0.12. Unene wa unywele mnene.

Mwalimu wa Skeli

Nimehakiki, ni kweli. Nitaipeleka darasani Jumatatu.

Kivuli cha Arusha

Salaam kutoka Arusha. Nafundisha hisabati huku na wanafunzi wangu wamesoma uzi wote. Wanauliza kama kuna kipimo kimoja wanachoweza kufanya wenyewe bila darubini.

Mwalimu wa Skeli

Kipo, mwalimu mwenzangu, na kinatuhitaji sisi wawili. Ni kipimo cha Eratosthenes, aliyepima mzunguko wa Dunia kwa vivuli kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tarehe 8 au 9 Oktoba Jua hupita utosini Dodoma, kama saa sita na dakika 24 mchana. Kijiti changu kilichosimama wima hakitakuwa na kivuli. Ninyi simamisheni kijiti cha mita moja, kipimwe kwa timazi, muanze saa sita kamili na kuweka alama kila dakika mbili. Kivuli kifupi kuliko vyote, kitakachoelekea kaskazini, ndicho tunachokitaka. Kinatakiwa kuwa karibu sentimita 5. Hiyo ni pembe ya nyuzi 2.8 hivi.

Umbali wa kaskazini-kusini kati yetu ni kama kilomita 310. Msitumie kilomita za barabara ya Babati, ile inapinda. Gaweni 360 kwa pembe mtakayopata, zidisheni kwa 310. Sehemu iwe tambarare, na mwanafunzi mmoja asifanye kitu kingine isipokuwa kulinda kijiti kisisukumwe na upepo. Sisi tutaanza kuweka alama muda huohuo, na nitaweka namba zetu hapahapa kwenye uzi kabla ya kuona zenu.